Neno Nililosema Mbele ya Babu Yako

Mwanangu Sekela,

Mzigo wako umeshafungwa na sitaufungua tena kukuonyesha kilichomo. Utakuta mwenyewe. Habari za kula, kulala, kufua na kujiheshimu mbele ya wanaume, shangazi yako amekuhubiria tangu juzi mpaka kuku wamekimbia uani, kwa hiyo mimi sina la kuongeza. Nina jambo moja tu, na jambo lenyewe linanichemsha damu. Umekwenda kuwaaga wenzako, jua bado liko juu ya vilima vya Bundali, na ninataka ukirudi uikute barua hii imekwisha.

Utauliza kwa nini nimekuandikia Kiswahili, mimi na wewe ambao hatujawahi kuongea Kiswahili jikoni. Jibu la swali hilo ni nusu ya hasira yangu.

Mimi ni mke wa mtu. Tangu niolewe, babu yako, baba wa baba yako, hajauona uso wangu wala mimi sijauona wake. Nikisikia anakohoa njiani naingia kwenye migomba. Jina lake haliruhusiwi kinywani mwangu, wala majina ya ndugu zake wawili, wala neno lolote la Kinyakyusa linalofanana na majina hayo kwa sauti. Wewe mwiko huo haukuhusu. Ni babu yako, unamwita unavyotaka, tena kwa kelele. Lakini mimi nikiongea lugha yetu natembea kama mtu aliyeingia chumba kilichoanikwa vyungu vibichi sakafuni. Kila hatua natazama pa kukanyaga. Leo sitaki kutazama pa kukanyaga, na Kiswahili hakina baba mkwe wangu ndani yake.

Jina la babu yako unalijua, na maana yake unaijua. Maana yake ni huruma. Nimeliandika, unaona? Kwa Kiswahili linaandikika bila kuvunja mwiko. Kwa Kiingereza nalo lilitakiwa litamkike hivyohivyo, na hapo ndipo ninapokupeleka.

Nilipoolewa, bibi yako alinikalisha kando ya mafiga siku tatu, akanifundisha kuongea upya. Kila neno lililofungwa, alinipa jingine la kushika nafasi yake. Alikuwa mwalimu mkali. "Rudia, mkamwana," ananiambia, "ukikosea hapa nitacheka, ukikosea huko nje wataniaibisha mimi." Neno la moto lilikuwa limefungwa kwa ajili ya mdogo wa babu yako, kwa hiyo nikapewa "kile cha kupikia". Siku paa la jiko liliposhika moto nilitoka mbio nikipiga mayowe, "Jamani, kile cha kupikia kimepanda juu! Kile cha kupikia!" Majirani wakatoka wakauliza, kipi, chungu? Chungu kimepanda wapi? Nusu ya paa ilikuwa imekwisha ndipo bibi yako akatokea na kulitaja neno lenyewe, maana yeye mwiko huo haumhusu. Baba yako alisimulia kisa hicho kila walipokutana watu watatu. Nami nilikuwa nacheka nao. Sasa sicheki.

Lakini usidhani nililiona hilo kuwa zigo. Nilikuwa tayari nimefundishwa mchezo huohuo kwingine, na kwa lugha nyingine.

Unajua mimi si mtu wa huku bondeni. Nimezaliwa Ikombe, mama yangu mfinyanzi, baba yangu akivipakia vyungu kwenye mtumbwi na kufuata ufuko mpaka Karonga, upande wa Waingereza, kuvibadilisha kwa nguo na mahindi. Mwaka mmoja nikiwa na kikohozi kibaya aliniacha huko kwa shangazi yangu, aliyekuwa ameolewa karibu na misheni. Kikohozi kiliisha ndani ya mwezi. Mimi nikakaa miaka minne.

Bibi wa kizungu aliyetufundisha alikuwa na njia yake. Hakutupa masimulizi wala mazungumzo. Alichora mstari katikati ya ubao. Upande wa kushoto aliandika neno, na chini yake ndugu zake, yaani maneno yenye maana moja nalo. Upande wa kulia aliandika adui yake, neno la kinyume. Kila asubuhi maneno matano, kila neno ndugu watatu na adui mmoja, nasi tunayaimba mpaka koo linakauka. "Yote haya ni mamoja," alikuwa anasema akigonga safu ya kushoto kwa fimbo yake. "Ukisahau la kwanza, chukua la pili."

Nilikuwa hodari, Sekela. Sijisifu, nakwambia chanzo cha msiba. Katika miaka minne hiyo sikuwahi kurudishwa kukaa kwa kukosea neno ndugu hata mara moja. Maneno ya watoto ya kuombea maji na chumvi nilikuwa nimeyamaliza mwaka wa kwanza, nikaingia kwenye maneno marefu, ya watu wazima, yale ambayo hata wavulana wa misheni walikuwa wanayakwepa. Nikaolewa nayo kichwani, zaidi ya mia tano, yamepangwa safu kwa safu kama mafungu ya samaki kwenye uchanja.

Kwenye maadui ndiko tulikogombana na yule Bibi. Siku moja aliandika neno la "safi" kushoto, akatuuliza la kulia. Kabla hatujajibu akaniita mbele, akaishika mikono yangu akawaonyesha wenzangu kucha. Nilikuwa nimetoka kumsaidia shangazi kukanda udongo wa chungu. Akaandika neno la "chafu" na darasa likaimba huku mimi nimesimama. Udongo si uchafu! Ule udongo ndio uliopika chakula cha kila mtoto aliyekuwa ananicheka. Nilikuwa na miaka kumi na mbili na sikuwa na neno la kumwambia, ingawa nilikuwa na ndugu watatu wa kila neno.

Siku nyingine akauliza adui wa "bwana". Nikanyoosha kidole kwa kujiamini, nikasema, "Jirani." Kwetu ndivyo ilivyo, aliye bwana juu yako huyo si jirani yako, na aliye jirani yako hawezi kuwa bwana wako. Bibi alicheka mpaka akavua miwani. Akaandika neno la "mtumishi". Nikamwambia mtumishi si kinyume cha bwana, ni mtu anayekaa nyumba moja naye. Nilipigwa fimbo ya vidole kwa hilo, na mpaka leo nasema sikukosea.

Ningeendelea kubishana hivyo maisha yangu yote, leo nisingekuwa naandika. Tatizo ni kwamba nilichoka. Nilibisha upande wa kulia wa ubao, upande wa kushoto nikaumeza mzima. Nikaamini kweli kwamba maneno ndugu ni neno moja lililovaa nguo tofauti.

Niliporudi upande huu wa Wajerumani Kiingereza changu hakikuwa na pa kukaa. Misheni ya huku ilifundisha kwa Kinyakyusa, boma liliamuru kwa Kiswahili, na karani mmoja aliponisikia nahesabu mayai kwa Kiingereza aliniuliza kama nimetumwa na Waingereza wa ng'ambo ya mto Songwe. Basi nikafunga mdomo, nikakipanda kwako. Unakumbuka tulivyokuwa tunapalilia mpunga, mimi mstari huu na wewe ule? Natupa neno, unanirudishia ndugu zake, halafu adui yake. Ulikuwa mwepesi kuliko mimi. Nilikuwa nageuza uso usione ninavyotabasamu.

Ulikuwa na miaka tisa uliposimama katikati ya shamba, maji ya matope yamekufika magotini, ukaniuliza, "Mama, kama ni sawasawa, kwa nini yako mawili?"

Mimi nikakujibu nini? "Usibishane na kitabu. Palilia."

Mtoto wa miaka tisa! Uliuliza swali ambalo lingemwokoa baba yako, na mimi nikakuziba mdomo, kwa sauti ileile ya yule Bibi. Sijui niliitoa wapi. Kama ningekaa chini siku ile kwenye tuta na kulifikiria pamoja nawe, tungeliona jibu kabla jua halijazama. Yako mawili kwa sababu watu wawili tofauti waliyahitaji kwa mambo mawili tofauti. Hakuna anayehangaika kutengeneza neno la pili kwa kupenda tu.

Huko unakokwenda kwa daktari Mwingereza utasimama mkalimani kati yake na wanawake wetu wanaoumwa. Utaona mwenyewe. Mmoja atakwambia tumbo linamchoma, mwingine linamkata, mwingine linamvuta, mwingine linamsokota. Safu ya ubao itakupa neno moja la maumivu na kukwambia yote ni mamoja. Usimpe daktari hilo moja. Kaa umuulize yule mama, linachoma kama nini, linaanzia wapi, ukishakula au kabla hujala, hata kama daktari anagonga meza kwa kukosa subira. Mwache agonge. Meza ni yake lakini tumbo si lake.

Sasa nakuja kwa baba yako.

Unajua jinsi alivyochukuliwa. Askari wa Wajerumani walipokuwa wanakimbilia juu milimani walipita mashambani wakikusanya wanaume wa kubeba mizigo, na yeye walimkuta juu ya paa anaezeka. Walimshusha, wakamfunga kamba mikono, akaondoka bila hata kunawa. Siku ya kumi akaturudia ametoroka, mikono imevimba na kuchubuka kuzunguka pande zote, na begani ana blanketi la kijivu la askari alilolitwaa usiku ule aliotoroka ili asife kwa baridi ya kule juu. Nililifua blanketi lile mimi mwenyewe. Laiti ningelichoma! Lakini blanketi lilikuwa zima, na mvua zilikuwa hazijaisha.

Waingereza walipoingia walipita nyumba hadi nyumba wakitafuta vitu vya Wajerumani. Walichukua wanaume kumi na wawili wa huku kwetu waliokutwa na kitu, huyu mkebe, huyu mkanda, huyu blanketi, wakawaweka ufukweni kambini kusubiri kuulizwa kama walikuwa wapelelezi. Kumi na mmoja kati yao hawakuwa na mtu wa kuwasemea. Walisimama tu, wakalia, wakaonyesha mikono, wake zao wakajitupa mchangani. Mkalimani aliyekuwepo alijua Kiswahili cha kuagizia kuni basi.

Baba yako yeye alikuwa na mke msomi.

"Mama Sekela, nenda wewe!" watu wakanisukuma. "Wewe unaijua lugha yao. Sema!" Nikapiga moyo konde, nikaenda. Babu yako alikuwa amesimama pale pamoja na wazee wengine, hatua saba hivi kutoka kwangu, na hakukuwa na migomba ya kuingia. Nilijifunika khanga kichwani, nikageuka ubavu, nikasimama namna hiyo, nusu kwa bwana wa kambi na nusu kwa ziwa, ili nisimvunjie heshima mzee.

Bwana wa kambi alikuwa kijana tu, midomo imepasuka kwa homa. Nilipofungua kinywa akashtuka, akanyanyuka kidogo kwenye kiti. "Umejifunza wapi?" akaniuliza. Nikamwambia. Nyuma yangu nikamsikia mtu akisema, "Mnasikia anavyoporomosha?" na mwingine akaguna kwa fahari. Nitakuwa mwongo nikisema sikufurahi.

Akauliza, "Mume wako alikwenda nao kwa hiari yake?"

"Hapana, bwana. Alifungwa kamba. Tazama mikono yake."

Akasimama kabisa, akaenda kwa baba yako, akaishika mikono ile akaigeuza, akaitazama. Kisha akarudi kukaa na kuweka kalamu chini. Sekela, aliweka kalamu chini! Niliona kwa macho yangu. Akaniuliza kwa upole, "Sasa, mama, unamwombea nini?"

Neno lilikuwa tayari. Nililijua tangu nina miaka kumi na moja, lilikuwa la kwanza kwenye safu yake. "Mercy", huruma. Mtu asiye na kosa anaweza kuombewa huruma. Mtoto anaombewa, mgonjwa anaombewa, sisi sote kanisani tunajiombea. Lilikuwa limefika kwenye meno, na hapo babu yako akakohoa.

Ulimi wangu ukaruka kando peke yake. Sikuuamuru. Miaka kumi na saba nilikuwa nimeufundisha kuruka kila neno lenye harufu ya jina lake, nao ukaruka kama mguu unavyomruka nyoka kabla macho hayajamwona. Ukatua kwenye neno la pili la safu. Ukisahau la kwanza, chukua la pili. "Pardon," nikasema. "Namwombea pardon, bwana."

Yule kijana akainua kichwa. Neno hilo ni msamaha, mwanangu, na msamaha hupewa mtu aliyekosa. Nilikuwa nimetoka kumwambia mume wangu hana kosa, halafu nikamwombea msamaha wa kosa lenyewe. Akachukua kalamu. Huku anaandika nikaona baba yako ananitabasamia. Hakujua nilichosema. Aliona tu mke wake anaongea na Mzungu kama mtu na mtu.

Tangu siku hiyo nimekuwa na hasira na dunia nzima, nawe umeishi na hasira hiyo nyumba moja bila kujua inatoka wapi. Nimemkasirikia yule Bibi na fimbo yake, aliyepanga maneno ya watu wazima kwenye safu kama watoto mapacha, akatudanganya kwamba ukimkosa huyu mkamate huyu. Alijua. Hakuna mtu anayekulia ndani ya lugha asijue tofauti ya maneno hayo mawili. Ila aliona kwetu sisi inatosha.

Nimemkasirikia yule kijana wa kambi. Homa au si homa, aliishika mikono ya mtu yenye alama za kamba, akaamini neno la mgeni wa lugha yake kuliko macho yake mwenyewe. Hilo nalo sitamsamehe, na hapa nimechagua neno langu sawasawa.

Na nimeikasirikia desturi yetu. Nimeitukana kimoyomoyo shambani, kisimani, kanisani. Babu yako hajui Kiingereza hata neno moja! Ningelitamka lile neno mara mia pale ufukweni asingegeuza shingo. Hakuna mzee wala bibi aliyewahi kuniambia mwiko unavuka mpaka kuingia lugha ya watu wengine. Mwiko huo niliuvusha mimi mwenyewe, nikaubeba kama mpagazi bila kuombwa.

Wala mzee mwenyewe siwezi kumchukia, hilo linaniudhi zaidi. Kila wiki mkungu wa ndizi unakutwa umelazwa mlangoni kwangu. Haniambii kitu, hawezi, lakini anamtuma bibi yako aseme, "Mzee anasema ndaga fijo, asante sana, kwa ulivyomtetea mwanawe. Anasema hakuna mke mwingine aliyethubutu." Napokea ndizi. Nazipika. Wewe unazila na kuzisifia.

Mpaka hapo ndipo ninapowaambia watu, wale wachache walionibana niwaambie. Wote wananijibu vilevile, kwamba desturi ni desturi, sina hatia, wananishika mkono. Lakini kuna kipande ambacho sijamwambia mtu, hata mchungaji, na ndicho kilichonifanya nichukue karatasi hii.

Kabla hajaandika, yule kijana aliniuliza. Aliinua kichwa akanitazama, akasema polepole ili nisikie vizuri, "Una hakika na neno hilo, mama?"

Alinipa nafasi. Na mimi nilikuwa nimeshajua. Usinielewe vibaya hapa, Sekela, wala usitafute namna ya kunitetea. Nilijua tangu alipoinua kichwa. Neno la kwanza lilikuwa limerudi mahali pake, liko wazi mbele yangu, na babu yako alikuwa amemaliza kukohoa. Nilichotakiwa kusema ni kitu kidogo kuliko vyote nilivyowahi kujifunza: samahani bwana, nimekosea, ngoja niseme upya. Mtoto wa wiki ya kwanza misheni anaweza kusema hivyo.

Lakini watu walikuwa nyuma yangu na midomo wazi. Yule aliyesema ninaporomosha alikuwa bado yupo. Na mimi sikuwahi kurudishwa kukaa kwa neno ndugu, hata mara moja katika miaka minne. Nikaona nitaonekana mshamba mbele ya Mzungu na mbele ya kijiji kwa pigo moja. Nikanyoosha shingo, Mungu anisamehe, nikasema, "Nina hakika, bwana. Nililisoma."

Akaandika.

Haikuwa desturi. Desturi iliniangusha, sawa, lakini niliulizwa kama nataka kuinuka nikasema niko vizuri hapa chini. Nimekaa miezi hii nikiwalaumu Bibi, kijana na mzee anayekohoa, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa sitaki kukaa zamu yangu kwenye safu hiyo. Naona aibu. Naona hasira kuliko aibu, na mara hii hasira haina pengine pa kwenda.

Wale kumi na mmoja waliwabebesha mizigo miezi mitatu kisha wakawarudisha makwao. Umewaona, mmoja alikuja hapa kutusalimia, amekonda ila mzima. Nilimsindikiza mpaka njiani nikamuuliza juu ya baba yako. Akatazama chini. "Yupo hai, dada, nilimwacha hai," akasema. "Lakini sisi walisoma majina wakasema nendeni. Jina lake wakasema lina neno pembeni. Amekiri. Wa kukiri hawaendi mpaka vita viishe." Na vita vyenyewe vinazidi kwenda mbali, huko kusikojulikana, na watu wanaobeba mizigo ndio wanaokufa kwanza.

Yule kijana amehamia boma la Tukuyu na madaftari yake yote. Ndiko unakokwenda wewe. Hospitali ya daktari na ofisi yake ziko uwanja mmoja, mjumbe wa daktari ameniambia. Unaona sasa nilivyokuwa nimepanga. Nilianza kuandika ili barua hii uisome njiani, na mwishoni nikuombe, mwanangu, ukishazoeleka pale, siku moja uvuke uwanja ukamwambie bwana yule kwamba mama yako alikosea neno. Unakijua Kiingereza vizuri kuliko mimi. Ungelitafuta neno lenyewe na usingekosea.

Nimefika hapa nimesoma nilichoandika, na siwezi kukuomba hilo. Msichana wa miaka kumi na sita, niliyemwambia palilia alipouliza swali la maana, ndiye nimtume akamtoe baba yake kifungoni kwa ajili ya majivuno yangu? Na wewe ukifika mbele yake, akikuuliza mama yako alikuwa na hakika au hakuwa nayo, utamjibu nini? Utasema uongo kunificha, au utasema kweli na kunianika. Sikuzaa mtoto nimfanyie hivyo.

Kwa hiyo barua hii haisomwi njiani. Isome leo, kukiwa bado na mwanga, kisha msomee na bibi yako, kila neno, pamoja na kile kipande. Yeye atajua namna ya kumfikishia mzee. Wakitaka kunirudisha Ikombe kwa watu wangu, nitakwenda nikishamaliza.

Ukifika kwa daktari, wewe ingia kwa wagonjwa wako ufanye kazi yako. Mimi nitakaa chini mlangoni kwa yule kijana mpaka aniite, hata kama ni siku nne. Nitamwambia mume wangu hana kosa, na kwamba nilijua, na kwamba aliniuliza nikamdanganya. Nitasema kwa Kiingereza na nitasema kwa Kiswahili, na akitaka mkalimani asiye mimi, aitwe. Akicheka, acheke. Akinifunga mimi badala yake, kalamu anayo.

Mzigo wangu nimeuweka nyuma ya nyumba. Kesho usije kuniaga. Mimi nitakuwa nimetangulia, utanikuta njiani, kwa maana nikisubiri mpaka watu waamke na kunisalimia, "Ugonile, mama msomi," nitaogopa, nami nitabaki.

Mama yako